Nilipoombwa Kumpima Mshauri

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ni sajini wa jeshi. Mwaka jana alirejea kutoka Somalia baada ya kutumikia huko mwaka mzima, na siku ya tatu baada ya kufika nyumbani alipanda bodaboda akaja kwangu Busitema, amevaa kiraia, bahasha ya kaki kwapani. Hakutaka chai. Aliketi, akafungua bahasha, akanikabidhi kijitabu cha karatasi laini yenye kung'aa, akasema: "Shemeji, wewe umesomea ualimu, tena unafanya kazi ya serikali. Nisomee mtu huyu. Je, ni mtu wa kweli?"

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya mwanamume mwenye suti ya buluu, mikono ameifumbata kifuani, akitabasamu kama mtu aliyekwisha kushinda. Chini yake paliandikwa: Mwanzilishi na Mkurugenzi Mkuu. Kisha yakafuata maisha yake. Alizaliwa katika nyumba ya kimaskini. Alikwenda shule miguu mitupu. Alipata shahada ya kwanza ya biashara na ya pili ya uongozi. Alifanya kazi katika benki. Akauacha mshahara mnono ili awainue watu wake. Akatunukiwa tuzo mbili. Akahutubia mikutano Nairobi na Kigali. Kurasa nne zilikuwa za maisha yake. Kazi anayoifanya ilipewa nusu ukurasa.

Mtu huyo alikuwa mshauri wa biashara. Alikuwa ameendesha semina ya siku moja katika hoteli mjini Tororo kwa ajili ya askari wanaokaribia kustaafu pamoja na wake zao, na shemeji alihudhuria. Kwa ujira wa shilingi milioni 4 angemwandikia mpango wa kufuga kuku 1,000 wa mayai, angesimamia ujenzi wa banda, na angemletea vifaranga, vyombo na chakula cha kuanzia. Mpango wote, pamoja na ujira huo, ulihitaji milioni 38. Akiba ya shemeji ilikuwa milioni 28. Zile 10 zilizopungua, mshauri alisema, zikopwe kutoka chama cha akiba na mikopo cha wanajeshi, zikatwe kidogo kidogo katika mshahara. Tayari shemeji alikuwa ametoa shilingi 500,000 za kuonyesha nia.

Nilikipokea kijitabu kile kwa mashaka, na yafaa niseme mapema kwamba mashaka yangu hayakuwa ya mtu asiye na upande. Mimi pia nimewahi kushauriwa.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2014. Nilikuwa mwalimu mchanga wa shule ya msingi, cheti changu hakijakauka wino, na mpakani kote hakukuwa na habari nyingine ila kware, ndege wale wadogo ambao Wajaluo huwaita aluru na Waluhya huwaita isindu. Upande wa Kenya yai moja la kware lilikuwa limefika hadi shilingi 100 za Kenya, nalo lilisemekana kutibu kisukari, shinikizo la damu, pumu na kila kilichowashinda madaktari. Watu walipanga foleni kuomba leseni ya Idara ya Wanyamapori ya Kenya, kwa kuwa huko kware huhesabiwa kuwa ndege wa porini. Mtaalamu mmoja aliitisha mafunzo karibu na mpaka. Alikuwa na cheti kilichotiwa fremu na picha zake akiwa na wazungu. Tulilipa kiingilio, tukaandika madaftari, na mwisho wa mafunzo alituuzia ndege. Nilinunua 40, kwa mshahara wa miezi miwili.

Jambo ambalo mtaalamu yule hakutuambia lilikuwa katika daftari langu mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Yai la kware huanguliwa kwa siku 17 au 18. Kinda huanza kutaga akiwa na wiki sita au saba. Jike hutaga karibu kila siku. Mwenye kujua kuzidisha, na mimi nilikuwa nikifundisha kuzidisha darasa la nne, angaliona kwamba katika muda wa mwaka mmoja kila kijiji kingejaa kware, na yule aliyekuwa akinunua kwa mwenzake angekuwa naye ana mayai ya kuuza. Bei ilianguka mwaka ule ule. Ndege wangu tuliwala mmoja mmoja. Wana nyama kidogo sana.

Kwa hiyo shemeji aliponiuliza kama mtu huyu ni wa kweli, moyo wangu ulikwisha kumhukumu kabla sijafungua ukurasa wa pili. Nikajikanya. Nilimwambia shemeji anipe wiki tatu, asitoe hata senti nyingine.

Katika ofisi ya gombolola ninamofanya kazi sasa, washauri si wageni. Tangu serikali ilipozindua mpango wa maendeleo ya muluka, Februari 2022 kule Kibuku, ambapo kila muluka ulitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka na nyumba moja iliweza kupata hadi milioni 1, hatupitishi mwezi bila mtu mwenye mkoba kuja kutaka kuonyeshwa viongozi wa vikundi. Wengine ni watu wema. Wengine hujua tarehe ya fedha kufika kuliko mhasibu wetu. Wote wana maisha ya kusimulia, na masimulizi hayo yanafanana mno: umaskini, bidii, kuacha kazi nzuri, kuanzisha. Nimeanza kudhani kuna mahali yanakonakiliwa.

Hata hivyo, kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba kazi ya kumchunguza mshauri ni kutafuta uongo katika wasifu wake. Wakiukosa, wanatoa fedha. Ndugu msomaji, wasifu waweza kuwa kweli tupu.

Mfano mmoja ulitufika hapa Uganda. Mwaka 2014 mwanamke mzaliwa wa Bulgaria, Ruja Ignatova, alianzisha fedha aliyoiita OneCoin, akadai kwamba itazipita fedha zote za kompyuta duniani. Aliitwa Daktari Ruja, na udaktari huo wa sheria aliupata kweli katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Alisoma kweli Oxford. Alifanya kazi kweli katika McKinsey, kampuni ya washauri wa biashara inayojulikana ulimwenguni. Juni 2016 alisimama mbele ya maelfu ya watu katika ukumbi wa Wembley, London, wakamshangilia kama malkia. Hapa kwetu watu walinunua, na Februari 2017 Benki Kuu ya Uganda ilitoa onyo kwamba OneCoin haina leseni. Oktoba 2017 alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, na tangu hapo hajaonekana hadharani. Wapelelezi wa Marekani, FBI, walimtia katika orodha ya watu kumi wanaotafutwa zaidi mwaka 2022. Mwenzake katika uanzilishi, Karl Greenwood, alihukumiwa miaka 20 gerezani mwaka 2023. Serikali ya Marekani inasema watu walipoteza zaidi ya dola bilioni 4.

Aliyepiga simu Konstanz kuuliza kama shahada ile ni halali aliambiwa ni halali. Swali lililofaa lilikuwa jingine: mkono wake uliwahi kushika biashara gani, na waliokuwa ndani yake wanasemaje? Maana kabla ya OneCoin yeye na baba yake walikuwa wamenunua kiwanda cha kuyeyushia chuma kusini mwa Ujerumani, kiwanda kikafilisika, na kwa ajili ya mambo hayo mahakama ya Ujerumani ilimpa kifungo cha nje kwa kosa la udanganyifu. Wafanyakazi wa kiwanda kile walikuwa wakimjua vizuri kuliko Wembley nzima.

Simsemi mshauri wa shemeji kwamba alikuwa Ruja. Hakuwa. Lakini njia ya kumpima ilikuwa ile ile, na nilianza na karatasi kwa sababu karatasi ni rahisi.

Mwenzangu wa ofisini alikuwa na safari ya Mbale, nami nikamwomba aulize katika Ofisi ya Usajili ni nini kilichosajiliwa. Jibu lilikuja siku ya pili. Kile kilichoitwa kampuni katika kijitabu kilikuwa jina la biashara tu, nalo lilisajiliwa miezi 14 nyuma. Si kosa. Wengi huanza hivyo. Lakini tofauti yake mwananchi aijue: kampuni ni mtu mbele ya sheria, ina wakurugenzi walioandikwa na kumbukumbu zinazoweza kusomwa, jina la biashara ni kofia tu ambayo mtu mmoja ameivaa. Kadhalika namba ya kodi inaonyesha kwamba anajulikana kwa watoza kodi, na leseni ya biashara inaonyesha kwamba amelipa ada mjini. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonyesha kwamba anajua kuku. Kijitabu kilisema miaka 12 ya uzoefu. Nilipohesabu, niliona miaka 10 kati ya hiyo ilikuwa ya benki.

Shahada zake nazo zilikuwa halali. Niliuliza.

Baada ya karatasi nikaomba mpango wenyewe. Shemeji aliuleta Jumapili, kurasa 31, umefungwa kwa waya wa plastiki. Niliusoma kama nilivyokuwa nikisahihisha hesabu za watoto. Mwalimu asahihishapo hatazami kwanza jibu la mwisho wala jina lililo juu ya daftari; anafuata njia, mstari kwa mstari, mpaka afike pale ambapo mtoto ameruka. Wasifu wa mshauri huandikwa aonekane. Hesabu zake huandikwa zifanye kazi, na humo hana pa kujificha.

Aliruka katika chakula.

Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Tangu kuanguliwa hadi siku hiyo kila mmoja hula kiasi cha kilo 7. Kwa kuku 1,000 hizo ni kilo 7,000, yaani magunia 70 ya kilo mia mia, kabla ya yai la kwanza. Mpango ulikuwa umeweka chakula cha wiki nane. Wiki ya tisa hadi ya ishirini, wakati ambapo ndege ni mkubwa na anakula zaidi, hazikuwa na fungu lolote. Baada ya hapo kuku anayetaga hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, na kwa kundi lile ni zaidi ya gunia moja kila kunapokucha, mvua inyeshe isinyeshe, mayai yauzwe yasiuzwe.

Tena mpango ulihesabu mayai 1,000 kila siku kutoka kwa kuku 1,000. Hakuna aliyekufa. Hakuna kideri, hakuna kicheche, hakuna mwizi, hakuna kuku aliyeamka bila hamu. Hata kundi lililotunzwa vizuri sana huvuka tisini kwa mia kwa muda tu, kisha hushuka polepole.

Na soko? Mpango ulisema trei zote zitavuka kwenda Busia ya Kenya, kwa kuwa bei ya huko ni nzuri. Ni kweli bei huwa nzuri, na ni kweli kwamba tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe Februari 2018 mizigo hupita kwa wepesi zaidi. Lakini sisi tunaokaa hapa tunakumbuka Januari 2017, mafua ya ndege yalipoonekana Uganda, Kenya ikazuia kuku na mayai yetu yasiingie. Tunakumbuka Machi 2021, mahindi yalipozuiwa kwa sababu ya sumu ya kuvu, malori yakajipanga barabarani. Mpango wa kurasa 31 uliotegemea mpaka haukutaja mara moja kwamba mpaka waweza kufungwa kwa barua ya asubuhi. Hapo nilijua kwamba mwandishi wake hajawahi kulala Busia akiwa na mali inayooza.

Ilibaki kuwaona watu. Mshauri alikuwa amempa shemeji majina matatu ya kuuliza. Niliyaacha kwanza, kwa maana majina mtu anayokupa mwenyewe ni ya wale watakaomsifu. Nilitafuta picha. Ukurasa wa sita wa kijitabu ulionyesha banda jeupe, safi, na mbele yake mzee mwenye koti, na maandishi: mteja wetu, mstaafu wa polisi. Nyuma ya banda lile, kwa mbali, ulionekana Mwamba wa Tororo, na aliyezaliwa huku akiuona mwamba ule anajua yuko upande gani wake. Kwa kuuliza watu watatu wa bodaboda nilifika, kando ya barabara ya Malaba.

Afande alikuwa amekwenda mazishini. Mkewe alinipokea. Nilimwonyesha ukurasa wa sita, akautazama kwa muda, akacheka kidogo bila furaha.

"Picha hiyo ilipigwa siku vifaranga vilipoletwa," alisema. "Banda lilikuwa na harufu ya rangi bado. Hakuna aliyerudi kupiga nyingine."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Banda lilikuwepo, lakini ndani yake mlikuwa na magunia ya mahindi, baiskeli iliyokatika mnyororo, na vyombo vya maji vya kuku vimepangwa vizuri ukutani, vimeoshwa. Vyombo vile vilivyooshwa vilinichoma moyo kuliko banda tupu. Alinieleza bila kulaumu. Walianza na kuku 500, kwa mafao ya afande. Fedha ya chakula iliisha katika mwezi wa tatu. Wakauza ng'ombe, kisha wakaanza kuwapa kuku pumba tupu, kuku wakachelewa kutaga, na walipoanza walitaga kidogo. Katika mwezi wa nane waliwauza wote kwa mchinjaji wa Malaba kwa bei ya nyama.

"Mshauri mlimweleza?"

"Tulimpigia simu. Mwanzoni alipokea. Alisema tatizo ni usimamizi." Akanyamaza. "Labda ni kweli, mwanangu. Sisi tulikuwa polisi, hatukuwa wafugaji."

Niliketi naye hadi jua lilipoinama. Hakusema hata mara moja kwamba mtu yule ni mwizi, wala mimi sidhani kwamba alikuwa mwizi. Banda lilijengwa, vifaranga vililetwa, kila kilicholipiwa kilifika. Wako watu waliokuja kuiba wazi, kama Dunamiscoins iliyofunga ofisi zake za Kampala na Masaka Desemba 2019 na kuwaacha watu wakigonga milango. Hao polisi wana la kufanya nao. Huyu alikuwa wa namna nyingine, na kwake sheria haina kifungu. Aliuza hesabu ambayo mwenyewe hajaiishi.

Siku ile ile nikapitia Malaba kumwona mmoja wa wale watatu aliowataja, mama mwenye duka la jumla. Nilikwenda nikitarajia sifa za kupangwa, na nikaona aibu. Mama yule alinifungulia daftari. Kabla ya mshauri kuja, fedha ya duka na fedha ya jikoni zilikaa katika sanduku moja, na deni la shangazi na la jirani halikuandikwa. Mshauri alimfundisha kutenga masanduku mawili, kuhesabu mali kila Jumapili jioni, na kukataa kukopesha bila sahihi. Alilipa shilingi 600,000, na tangu hapo hajakauka mtaji. "Yule kijana Mungu ambariki," alisema, na alimaanisha.

Basi mtu yule yule alikuwa mshauri mzuri wa duka na mshauri mbaya wa kuku. Miaka 10 ya benki ilikuwa imempa kitu cha kweli, nacho ni kutunza daftari la fedha. Alipokitoa hicho, watu walipona. Alipotoka nje yake akajiita mwanzilishi wa kila kitu, wasifu wake ulibaki ule ule, picha ile ile, suti ile ile, na mteja hakuwa na njia ya kuona kwamba amevuka mpaka.

Nilimweleza shemeji yote, naye, kama askari, alitaka kumsikia mshauri kwa masikio yake. Tulikutana naye Tororo. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri, akanisimamia nilipoingia. Nilikuwa nimeandika maswali matatu tu.

La kwanza, nilimwomba atutajie mteja mmoja ambaye biashara yake ilianguka na atueleze kwa nini. Akasema kwa fahari kwamba hana. Nikamwangalia. Mganga ambaye hajawahi kufiwa na mgonjwa, ama hajaanza kutibu ama haangalii nyuma. Sikumtajia mama wa banda. Si siri yangu kuitoa.

La pili, niliuliza vifaranga na vyombo atavinunua wapi, na yeye anapata nini humo. Alisita, kisha akajibu kwa uwazi, na kwa hilo nampa heshima yake: kuna kampuni Kampala inayompa fungu katika kila kifaranga. "Mwalimu, kila mtu ana riziki yake," alisema. Ni kweli. Lakini hapo ndipo nilipofahamu kwa nini mpango ulikuwa wa kuku 1,000 badala ya 100. Mtaalamu wangu wa kware naye alikuwa akiuza kware.

La tatu, shemeji ndiye aliyeuliza. Alisema, kwa sauti ya kijeshi, kwamba yuko tayari kulipa milioni 2 sasa na milioni 3 baada ya kuku kutaga miezi sita, yaani milioni moja zaidi ya alichoombwa. Mshauri aliwaza kidogo. Akasema utaratibu wa ofisi yake haukubali. Kisha akanigeukia, bila ubaya, akasema kwamba mimi ni mwalimu, si mfanyabiashara, na kwamba woga haujawahi kumtajirisha mtu.

Njia nzima ya kurudi shemeji hakusema neno. Mimi nilifahamu anawaza nini. Mwaka mzima wa Somalia alikuwa ameuvumilia kwa kulijenga banda lile kichwani, na shemeji yake wa kike amelibomoa kwa daftari na kalamu. Zile 500,000 hazikurudi. Stakabadhi ilikuwa na maneno madogo chini yake yanayosema hazirejeshwi. Dada yangu aliposikia alilia, kisha akauliza kama ule mkopo wa milioni 10 ulikwisha kuandikwa. Haukuwa umeandikwa. Akafuta machozi, akainuka kupika. Yeye alikuwa amepiga hesabu moja tu kuliko sisi sote: mshahara ungekatwa kila mwezi, kuku watage wasitage, na karo ya watoto watatu hulipwa na mshahara huo huo.

Karibu na msitu wa Busitema, si mbali na chuo kikuu, yuko mama mmoja mjane anayefuga kuku 150 wa mayai kwa mwaka wa tisa sasa. Hana kijitabu. Hana hata kibao barabarani. Nilimpeleka shemeji huko, naye kwanza alikataa kutufundisha, akisema yeye hakusoma. Tukamsihi. Akakubali kwa sharti kwamba shemeji aje saa 12 asubuhi, siku 10 mfululizo, na kwamba atafagia. Sajini wa jeshi akafagia banda la mjane siku 10. Siku ya kwanza alimwonyesha pembeni mwa shamba mahali alipowafukia kuku 83 walioondoka na kideri katika mwaka wake wa pili, kwa kuwa aliahirisha chanjo wiki moja ili alipe ada. Alianza somo hapo, kaburini, na ndipo nilipojua kwamba tumepata mshauri.

Malipo yake alitaka magunia mawili ya pumba.

Shemeji alinunua vifaranga 100. Banda alijenga mwenyewe wakati wa likizo, kwa matofali ya hapo hapo na mabati 18. Kabla ya kurudi kambini aliweka kando fedha ya chakula cha wiki 22, akamwachia dada yangu pamoja na daftari la mistari, la kurasa 96. Sasa vifaranga vimetimiza wiki 14. Sita wamekufa, na dada ameandika kila mmoja kwa tarehe yake na sababu anayoidhania. Milioni 20 na kitu bado ziko katika akiba, na shemeji hupiga simu kila Jumamosi kutoka kambini kusomewa daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Yai la kwanza bado. Juzi dada alinipigia simu usiku, wakati taa zimekwisha zimwa, kuniuliza kama chakula kilichomwagwa sakafuni na mtoto nacho kiandikwe. Nikamwambia akiandike.